Kopo la koko: pesa za chuma za zamani hazisuguliwi



Juma hili tunaanza kwa kuungama kosa. Katika ukurasa huu tumezoea kuwaambia wengine namna ya kufanya: namna ya kukausha muhogo, namna ya kumsaidia mtoto na hesabu, namna ya kugawa pesa ya mwezi. Leo sisi ndio tuliokosea, na kosa letu lilimgharimu mama mmoja wa kikundi chetu sehemu ya malipo ya masomo ya mtoto wake. Tunalisimulia ili mwingine asilirudie.

Mama huyo alikimbia kijiji chake upande wa Beni, kama wengi waliokimbia tangu mwaka 2014. Usiku ule alibeba mtoto mgongoni, sufuria moja, na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Ndani ya kopo hakukuwa na maziwa. Kulikuwa na pesa za chuma za zamani, 31 kwa jumla, alizoachiwa na mama mkwe wake. Watoto wanaliita kopo la koko.

Shule ilipoanza alikuja kwetu na kopo lile. Mchuuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameziona siku ya pili ya juma, akapenda moja: kubwa, nyeusi-nyeusi, yenye tembo upande mmoja na mwaka 1944. Alitaja bei. Mama akaomba siku tatu za kufikiri na kuuliza watu wake. Watu wake ni sisi.

Tukamwambia: “Dada, kitu kichafu hakiuzwi. Acha tukipendezeshe kwanza, bei itapanda.” Tukaleta ndimu, majivu ya jikoni na brosi ya meno ya zamani. Tukaanza na zile kubwa 6. Tulisugua kwa moyo wote, namna tunavyosugua sufuria kabla ya sherehe. Zikang'aa mpaka tukapiga vigelegele.

Mchuuzi aliporudi, aliigeuza ile ya tembo mara mbili kwenye mwanga, akairudisha mezani. “Muliisugua?” akauliza. Tukasema ndiyo, kwa furaha. Akasema: “Basi mumeiharibu. Sasa natoa nusu.” Tulidhani ni ujanja wa biashara. Tulikasirika, karibu tumfukuze. Kisha tukauliza wanaojua, tukasoma, na tukakuta kwamba katika jambo hilo mchuuzi alisema kweli. Wanaokusanya sarafu za zamani duniani kote wanafuata kanuni moja: sarafu iliyosuguliwa imepoteza bei yake, hata kama inang'aa kama jua.

Kwanza, ujue unachoshika

Nyumba nyingi kwetu zina kopo la namna hii, au sanduku, au mfuko chini ya godoro la mzee. Watoto wetu hawajui kilichomo. Mtoto wa leo hajawahi kulipa mandazi kwa sarafu ya Kongo, maana franka yetu ni karatasi tupu. Anayezijua sarafu ni yule aliyefika Kasindi na kushika shilingi za Uganda. Tulipowaonyesha watoto wa kilasi ya tano sarafu moja ya Mobutu, mmoja aliuliza kama ni medali ya mpira. Lakini mtoto huyohuyo kila siku anasema “sina makuta”, bila kujua kwamba makuta ilikuwa pesa ya kweli iliyolia mfukoni.

Hizi ndizo zinazoonekana mara nyingi katika makopo yetu, na namna ya kuzitambua.

Za zamani zaidi ni za wakati wa mfalme Léopold II, nchi ilipokuwa mali yake mwenyewe. Zilianza kutengenezwa mwaka 1887. Ndogo zake, santimu, ni za shaba nyekundu na zina tundu katikati. Mtu angeweza kuzifunga kwa kamba. Kubwa zake ni za fedha, zenye kichwa cha mfalme na ndevu zake ndefu. Mtu mwenye moja ya hizo za fedha asiiguse kwa sabuni wala kwa kitambaa kabla ya kuuliza.

Mwaka 1908 nchi ikawa koloni ya Ubelgiji. Sarafu za miaka ya 1920 za santimu 50 na za franka 1 zina mchikichi upande mmoja na mfalme Albert I upande mwingine. Utakuta moja imeandikwa Kifaransa, na nyingine ya thamani ileile imeandikwa Kiflama. Hazitofautiani kwa kitu kingine. Ni lugha mbili za Wabelgiji tu.

Kisha vita ya pili ya dunia ikaja. Wajerumani walishika Ubelgiji mwaka 1940, hivyo sarafu za Kongo zikatengenezwa mbali. Ile ya franka 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita na tembo, ilitengenezwa Philadelphia, Marekani. Za mwaka 1944 zilitengenezwa Pretoria, Afrika ya Kusini: franka 1 ya shaba ya njano, na franka 50 ambayo nusu yake ni fedha. Hiyo ya franka 50 ndiyo tuliyoisugua.

Katika miaka ya 1950 zikaja zile nyepesi za aluminiamu, chuma cha sufuria, zenye mchikichi na maneno Ruanda-Urundi pamoja na Kongo, maana Wabelgiji walitumia pesa moja kwa nchi hizo. Baada ya uhuru, mwaka 1965, ikatoka franka 10 yenye uso wa simba, nayo ni ya aluminiamu.

Mwaka 1967 franka ikafutwa. Zaire 1 ikachukua nafasi ya franka 1,000, na zaire moja ilikuwa makuta 100. Wakati huo zaire 1 ilikuwa dola 2 za Marekani! Hivyo sarafu ya makuta 5 yenye uso wa Mobutu, ambayo leo watoto wanaichezea, ilikuwa na nguvu ya senti 10 za dola. Za mwisho mwisho ni zile za njano za zaire 1, 5 na 10, za mwaka 1987 na 1988.

Katika makopo yetu mnaweza kukuta pia sarafu za ng'ambo ya mpaka, hasa senti 10 za shaba zenye tundu na maneno EAST AFRICA. Si ajabu. Ndugu zetu Wakonzo wako upande ule wa Ruwenzori, na biashara kati yetu haikungoja mpaka wala daraja.

Waambieni watoto pia hesabu hii. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 franka ya Kongo 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha: franka moja ya leo, ambayo hainunui hata pipi, ni sawa na zaire za mwaka 1967 miliari 300. Yaani 3 na sifuri 11 nyuma yake. Tulipoandika ubaoni, kilasi ilinyamaza. Tena mwezi wa 12 mwaka 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na za zaire 10 kwa siku chache tu, na walioficha karatasi nyumbani wengi walizipoteza. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini koko aliweka chuma ndani ya kopo. Pesa ile haikununua kitu tena, lakini chuma chake kilibaki, na maandishi yake yalibaki.

Kwa nini kusugua kunaharibu

Chuma kinachokaa muda mrefu kinajitengenezea ngozi. Shaba nyekundu inakuwa kahawia, au kijani kigumu kilichoshikamana. Fedha inakuwa ya kijivu, kisha nyeusi. Sisi tunaona uchafu. Lakini ngozi hiyo imetokana na chuma chenyewe kilipokutana na hewa, na ikishakaa vizuri inakilinda chuma cha chini kisiliwe zaidi. Ukiiondoa, unaondoa pia sehemu ya sarafu yenyewe, kisha chuma kinaanza upya kuliwa.

Tazameni sasa vitu tunavyovipenda jikoni, na kazi vinayofanya.

Ndimu, siki na soda za chupa vina asidi. Asidi inayeyusha ngozi, kisha inaendelea na chuma. Katika shaba ya njano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, asidi inatoa zinki kwanza. Ndiyo sababu sarafu ya njano iliyolala ndani ya ndimu inatoka na madoa mekundu kama kidonda. Madoa hayo hayarudi.

Majivu na mchanga vinakwaruza. Kwa jicho huoni, lakini kwa kioo cha kukuza unaona mistari elfu, yote ya siku moja. Mnunuzi anaitambua hapohapo. Tena maji ya majivu ni makali kwa aluminiamu, yanaila. Sarafu za mchikichi za miaka ya 1950 na za simba za 1965 zikilowekwa katika majivu zinatoka na uso mweupe uliokufa. Bikarbonati nayo si rafiki wa aluminiamu.

Dawa ya meno ina unga wa kusugulia. Waya wa kusugulia sufuria hatuhitaji hata kuusema.

Maji ya Javel na maji ya klori ni hatari zaidi. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018, nyumba nyingi za Beni na Butembo ziliweka ndoo ya klori mlangoni, na ilikuwa vizuri kwa mikono. Lakini kwa sarafu, klori na chumvi vinaingia ndani ya shaba na kuanzisha ugonjwa: unga wa kijani hafifu unaotoka kama ukungu, unaodondoka ukiugusa, na unaorudi tena na tena mpaka sarafu itobolewe.

Mafuta ya mawese, ambayo wengine hupaka ili ing'ae, yanaoza polepole, yanakuwa na asidi na kunata. Vumbi lote la nyumba linashika hapo.

Kipi basi kinaruhusiwa?

Jibu la kwanza ni: usifanye kitu. Sarafu kavu, hata ikiwa nyeusi, iache nyeusi. Weusi haudhuru.

Ikiwa sarafu ina udongo, kinyesi cha mende, au mafuta ya jikoni, tunaweza kuiosha bila kuisugua. Namna yake ni hii:

1. Tengeneza nafasi kwenye meza na utandike kitambaa kinene, ili sarafu ikianguka isigonge. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole inabaki juu ya chuma miaka mingi. Shika sarafu kwenye ukingo, usishike uso wake.

2. Chukua maji ya mvua yaliyo safi, si yale ya kwanza yanayoosha bati. Yachuje kwa kitambaa, uyachemshe, uyaache yapoe mpaka vuguvugu. Usitumie maji yanayouzwa gereji kwa ajili ya batri bila kujua ni nini: mengine si maji, ni asidi, na yanachoma mikono na macho.

3. Weka maji kwenye bakuli la plastiki au la kioo. Tia tone moja la sabuni laini ya maji. Usitumie sabuni ya unga.

4. Weka sarafu moja peke yake. Zikiwa nyingi pamoja zinakwaruzana. Iache dakika 10. Itikise bakuli taratibu. Udongo unaotaka kutoka utatoka, usiotaka, uache.

5. Isuuze katika maji mengine safi mara tatu, ili sabuni isibaki.

6. Iweke juu ya kitambaa cheupe cha pamba, uifunike na upande mwingine, uibonyeze kidogo. Usiifute kwa kuzungusha. Kisha iache ikauke kivulini siku nzima, mbali na jiko.

Ukikuta ule unga wa kijani unaodondoka, tenga sarafu hiyo na nyingine zote. Iloweke katika maji ya mvua yaliyochemshwa na kupoa, ukibadilisha maji kila siku kwa juma moja, kisha uikaushe vizuri na kuiweka peke yake. Huenda usiiponye kabisa, lakini unapunguza chumvi.

Kuna wanaosema fedha nyeusi inasafishwa kwa karatasi ya aluminiamu na bikarbonati ndani ya maji ya moto. Ni kweli weusi unatoka. Fanya hivyo kwa kijiko cha fedha ukitaka. Kwa sarafu usifanye, kwa sababu inatoka na weupe usio wa kawaida, na anayejua ataujua.

Namna ya kuzitunza

Adui mkubwa kwetu ni maji yaliyo hewani. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi ukungu unaingia hadi chumbani. Beni iko chini zaidi, ni joto na unyevu pamoja. Adui wa pili ni moshi. Kwa hiyo kopo lisikae jikoni wala juu ya dari la jikoni, hata kama tumezoea kuficha vitu huko.

Kopo la bati lenyewe linapata kutu, na kutu inahama. Afadhali chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya jamu au ya mayonezi, iliyooshwa na kukauka kabisa hadi harufu iishe. Funga kila sarafu peke yake katika kipande cha shati jeupe la pamba lililofuliwa na kusuuzwa sana. Usitumie sufu. Usizifunge kwa lastiki: lastiki na sufu vinaifanya fedha kuwa nyeusi haraka. Usitumie mifuko ile ya plastiki laini yenye harufu kali; baada ya muda inatoa maji ya kijani yanayonata na kula shaba.

Vile vifuko vidogo vya punje nyeupe vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu vipya au chupa ya vidonge, msivitupe. Vinavuta unyevu. Weka viwili ndani ya chupa, ufunge. Lakini viwe mbali na watoto, si chakula.

Fungua chupa mara moja kwa miezi mitatu, siku kavu, uangalie kama kuna kijani kipya.

Jambo la mwisho la kutunza ni daftari. Andika namba ya kila sarafu, mwaka wake, maneno yake, picha iliyo juu yake, na hasa: ilitoka kwa nani. Mwenye simu apige picha za pande zote mbili, atume kwa ndugu aliye mji mwingine. Sarafu ikipotea, habari yake inabaki. Na tukikimbia tena, Mungu atuepushe, mama asirudi nyuma kwa ajili ya chupa. Chuma hakina roho. Mtoto anayo.

Watoto na wanunuzi

Sarafu si mchezo wa mtoto wa chini ya miaka mitano. Akimeza, usimtapishe, usimpe mawese wala ndizi ya kusukuma. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kama anakohoa, anatoa mate mengi au anapumua kwa shida, mpeleke mbio.

Kuhusu kuuza, tuseme wazi. Uvumi unaotembea sokoni kwamba sarafu fulani ya Mobutu inanunuliwa kwa maelfu ya dola umewatia wengi hasara. Sarafu za makuta za mwaka 1967, za zaire za 1987 na 1988, na nyingi za aluminiamu zilitengenezwa kwa wingi sana, zimejaa duniani, na bei yake ni ndogo. Zenye uwezo wa bei nzuri zaidi ni za fedha, na zile za Léopold II, zikiwa na uso wao wa asili. Hata hizo zina nakala za bandia.

Mtu akikuambia sarafu yako ni ya dola elfu kumi lakini utoe kwanza dola hamsini “za kuandikisha”, huyo ni mwizi. Mnunuzi wa kweli anatoa pesa, haombi. Usiuze siku ileile unayoulizwa. Usiende peke yako, nendeni wawili. Uliza wanunuzi wawili wasiojuana. Na usiache kopo zima kwa mtu “akaangalie nyumbani”.

Turudi kwa mama yetu

Hakuuza kwa nusu ya bei. Sisi tulikuwa na aibu. Siku ya mkutano wa AVEC tuliomba ruhusa ya kusema, tukasimulia tulichofanya, na wamama wakakubali kutoa sehemu ya malipo ya masomo kutoka kasha la mshikamano. Sehemu iliyobaki tulichanga sisi watatu tulioshika brosi. Hilo lilikuwa deni letu, haikuwa sadaka.

Tulimwomba msamaha. Alitutazama, akacheka kidogo, akasema: “Mulitaka kunisaidia. Lakini siku ingine muniulize mimi kwanza, kwa sababu mama mkwe wangu alinikataza kuzisugua, nami nikaogopa kubishana na walimu.”

Neno hilo lilituchoma kuliko lile la mchuuzi. Alijua. Koko ambaye hakusoma hata kilasi moja alijua, na alimwambia mkwe wake. Sisi wenye diploma hatukumwuliza mwenye kopo kitu kimoja, tulikimbilia ndimu.

Sarafu 25 zilizobaki tulizifunga pamoja naye, moja moja, katika shati jeupe la zamani. Mtoto wake ndiye aliyeandika daftari. Kwenye namba ya ile ya tembo aliandika: “Franka 50, mwaka 1944. Ya koko. Ilisuguliwa kwa makosa.” Tulimwambia afute maneno ya mwisho. Akakataa, akasema mwalimu alimfundisha kuandika ukweli. Tukamwacha.

Wamama, mwenye kopo nyumbani asituletee tulisafishe. Atuletee tusome pamoja yaliyoandikwa, na kama koko yupo hai, aje naye. Tutakuwa na daftari, kitambaa cha pamba na kioo cha kukuza. Ndimu tutaiacha jikoni.

Juma lijalo tutaongea juu ya karatasi za nyumba: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vya ndoa na vya shamba, na namna ya kuzikinga na mvua, panya na mchwa. Mwenye swali alilete kwa mwandishi wa kikundi chake kabla ya siku ya nne.

Mbaki na amani.